MIGUU, MAKOFI NA KUITIKIA
Namna maombi ya Waafrika yalivyoingia katika makanisa ya Marekani



Kila mara wanafunzi wakibishana juu ya korali, ulizo moja halikosi: kupiga ngoma na kuchezesha mwili mbele ya Mungu, ni mambo ya kanisa ao ni mambo ya kipagani? Wamoja wanasema ngoma ilikuwa ya mizimu, basi ibaki inje. Wengine wanajibu kwamba Daudi naye alicheza mbele ya sanduku la agano. Kisha anasimama mtu wa tatu, anasema: "Hata kule Marekani wanapiga makofi!" Na watu wanacheka, maneno yanakwisha.

Lakini kwetu sisi ulizo linaanza pale pale. Hao Wamarekani, makofi ya kanisani waliyatoa wapi? Hatuandiki ukurasa huu kusudi tukate shauri la korali. Hiyo ni kazi ya wazee wa kanisa. Tunataka kueleza habari ya kweli ya historia, juu inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Waafrika waliopelekwa utumwani katika inchi ile walipoteza majina ya miungu yao, karibu yote. Namna yao ya kuomba haikupotea. Ilijificha ndani ya miguu, mikono na sauti, ikaingia kanisani, ikafika hata kwa weupe, na mwisho ikarudi mpaka huku kwetu.

1. WATU WALIOPELEKWA

Katika miaka zaidi ya 350 ya biashara ya watumwa, Waafrika karibu milioni 12 na nusu walipakiwa katika meli za kuvuka bahari ya Atlantiki. Waliofika wazima walikuwa karibu milioni 10 na laki 7. Wengi sana walipelekwa Brazili na visiwa vya Karibi. Walioshushwa moja kwa moja katika inchi tunayoita leo Marekani walikuwa karibu 388,000 tu. Katika hao, karibu robo walitoka pwani ya Kongo na Angola. Wengine walitoka Senegal, Gambia, Sierra Leone, Ghana na Nigeria ya leo.

Watu hawa hawakuwa na dini moja. Wengi walijua Mungu Muumba, lakini kila siku walishughulika na wazee waliokufa na roho za maji na za misitu. Wengine walikuwa Waislamu wenye kusoma. Mmoja wao, Omar ibn Said, aliyezaliwa Futa Toro katika Senegal, aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831, akiwa bado mtumwa katika North Carolina. Tena wengine walikuwa Wakristo tayari! Mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491, na mwana wake Afonso aliendesha ufalme kama mfalme Mkristo. Basi tusifikiri kwamba watu hawa wote walisikia habari za Yesu mara ya kwanza kule ng'ambo.

2. JUU YA NINI MAJINA YALIPOTEA

Mtu atauliza: katika Brazili, Kuba na Haiti, watu hata leo wanaita Ogun na Shango, na miungu mingine ya Afrika ya Magharibi. Juu ya nini haikuwa vile Marekani?

Sababu ziko nyingi. Kule Brazili na Kuba meli zilileta Waafrika wapya bila kukoma mpaka katikati ya miaka ya 1800, na watumwa walikuwa wengi sana pamoja. Tena makanisa yalikuwa ya Kikatoliki, yenye sanamu za watakatifu. Mtumwa aliweza kupiga magoti mbele ya mtakatifu na moyoni akaita jina lingine. Marekani watumwa wengi waligawanywa katika mashamba madogomadogo, karibu na mabwana zao. Watoto waliozaliwa kule walizidi upesi hesabu ya wazazi waliotoka Afrika, na tangu mwaka 1808 sheria ilikataza kuingiza watumwa kutoka inje. Wabatiste na Wametodiste hawakuwa na sanamu ya kujificha nyuma yake.

Mwanahistoria Albert Raboteau, mtu mweusi wa Marekani, alieleza mambo haya vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya dini ya watumwa. Anaonyesha kwamba miungu ya Afrika ilikufa Marekani, lakini namna ya kuimba, ya kucheza na ya kushikwa na roho iliendelea, ikimwabudu Mungu wa Biblia.

3. NGOMA ILIYOKATAZWA

Tarehe 9 mwezi wa tisa 1739, siku ya Mungu, watumwa karibu 20 walikusanyika karibu na mto Stono katika South Carolina. Walivunja duka, wakachukua bunduki, wakaanza safari ya kuelekea kusini, Florida, ambako Wahispania waliahidi uhuru. Walikuwa na bendera na ngoma, na njiani wengine waliwafuata. Wanahistoria wengi wanafikiri kwamba viongozi wao walikuwa askari waliotoka ufalme wa Kongo. Jioni ile weupe wenye farasi waliwafikia, wengi wakauawa.

Mwaka uliofuata, 1740, serikali ya South Carolina ikatoa sheria kali. Ilikataza watumwa kufundishwa kuandika. Ilikataza pia ngoma na pembe, juu sauti yake inaweza kuita watu.

Ngoma ikachukuliwa. Lakini nani atachukua miguu ya mtu? Watu walianza kupiga makofi kwa mapigo mawili matatu yanayoitikiana, kukanyaga mbao za nyumba, kupiga chini kwa fimbo ya ufagio. Kazi ya ngoma ikafanywa na mwili. Ndiyo maana makofi ya makanisa ya weusi kule si ya kushangilia tu, sawa vile tunavyopigia mchezaji wa mpira. Yanafanya kazi ya chombo kilichonyang'anywa.

4. DUARA LA USIKU

Katika visiwa na pwani za South Carolina na Georgia, watumwa walikuwa na vijumba vya maombi vya mbao. Maombi yakiisha, mabenchi yalisogezwa ukutani. Watu walisimama katika duara, wakaanza kuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Waimbaji wachache walisimama pembeni, mmoja akianza wimbo, wengine wakiitikia, na fimbo ikipiga sakafu. Mwendo ulianza polepole, ukazidi, mpaka jasho na machozi. Wenyewe waliita jambo hili kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kupiga kelele, lakini jambo kubwa pale lilikuwa miguu. Ilikuwa na sheria: isipishane, na isiinuke sana kutoka chini. Miguu ikipishana, hiyo ni dansi ya dunia. Isipopishana, ni maombi. Waone walivyojua kupambanua!

Pahali mabwana walipokataza mikutano, watu waliomba usiku katika misitu na mabonde. Wazee waliokuwa watumwa walisimulia baadaye kwamba walikuwa wanageuza chungu kikubwa chini juu, karibu na mlango, kusudi chungu "kinywe" sauti zao, bwana asisikie.

Duara hili lilitoka wapi? Bakongo wa zamani walikuwa na alama: msalaba ndani ya duara. Ncha nne ni safari ya jua: kuchomoza, adhuhuri, kuchwa, na usiku wa manane kule kwa wafu. Mstari wa katikati ni maji, Kalunga, yanayotenga walio hai na waliokufa. Mwanadamu naye anazunguka vile vile. Fu-Kiau, mtaalamu wa kwetu Kongo, alieleza mambo haya katika kitabu kilichotoka Kinshasa mwaka 1969. Wataalamu wa Marekani waliposoma habari hizi waliona mambo yanayofanana kwao: duara la maombi, vyungu vya zamani vyenye alama ya msalaba vilivyookotwa mitoni katika South Carolina, na makaburi ya watu weusi yaliyopambwa kwa makome meupe ya bahari, vikombe vilivyovunjwa na taa, karibu sawa na makaburi ya Bas-Congo.

Lakini tuwe waangalifu. Kucheza katika duara kuliko pia Afrika ya Magharibi, na wataalamu walibishana sana. Mwaka 1941 Melville Herskovits, mtaalamu mweupe, aliandika kwamba watumwa walipenda Wabatiste juu ubatizo wa mtoni uliwakumbusha ibada za maji za kwao. Mwenzake mweusi, E. Franklin Frazier, alikataa: utumwa ulivunja kila kitu, na watu walifuata Wabatiste kwa sababu Wabatiste ndio waliowahubiri kwa bidii. Kwa maoni yetu, kila mmoja ana kipande cha kweli. Mbegu ilitoka Afrika, lakini ilimea katika udongo mwingine, nayo haikuzaa majani yale yale.

5. MHUBIRI NA WAITIKIAJI

Wabatiste na Wametodiste wa wakati ule hawakudai Kilatini wala diploma. Walitaka moyo uliogeuka. Basi hata mtumwa asiyejua kusoma aliweza kuhubiri akiitwa na Mungu. Andrew Bryan, mtumwa wa Savannah katika Georgia, alipigwa fimbo kwa sababu ya kukusanya watu na kuhubiri, lakini hakuacha. Mwaka 1788 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na kanisa lake la Wabatiste weusi liko hata leo.

Katika makanisa haya mhubiri hakusema peke yake. Alitupa neno, watu wakalirudisha: "Amina!", "Ndiyo, Bwana!", "Endelea!" Sauti yake ilipanda mpaka kuwa wimbo. Sisi tunaojua namna mzee anavyosimulia hadithi na watu wakaitikia, hatuwezi kushangaa. Hata nyimbo za Mwingereza Isaac Watts ziliingia katika njia hiyo: kiongozi anasoma mstari, kanisa linauimba polepole, kila mtu akipamba sauti yake. Desturi ya kusoma mstari ilitoka Uingereza. Namna ya kuuimba watu weusi waliifanya yao.

Na weupe? Katika mikutano mikubwa ya porini, sawa ule wa Cane Ridge katika Kentucky mwaka 1801, weusi na weupe walipiga kambi fasi moja. Mwaka 1819 Mmetodiste mmoja mweupe, John Fanning Watson, alichapa kitabu cha kulalamika. Alisema weusi wanaimba katika kambi usiku kucha vipande vifupi vya nyimbo vyenye viitikio, kwa kukanyaga miguu, na ubaya zaidi, weupe wameanza kuiga! Lalamiko lake ni ushuhuda mzuri kwetu: tayari wakati ule njia ya Waafrika ilikuwa inabadilisha kanisa la Wamarekani wote.

Nguvu ya kuitikia ilionekana tena miaka 1955 na 1956 katika mji wa Montgomery, Alabama, weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowatenga. Mikutano yao ilifanyika makanisani. Mchungaji kijana Martin Luther King alisema, na watu wakamjibu. Waliimba, waliomba, kisha wakatembea kwa miguu siku 381, mpaka mashitaka yao yakashinda.

6. ELIMU NA HAYA

Sehemu hii, wandugu, ni yetu wanafunzi.

Si weupe tu waliochukia duara. Daniel Payne alikuwa askofu wa Kanisa la Kimetodiste la Kiafrika, lile lililoanzishwa na Richard Allen na wenzake mwaka 1816 katika Philadelphia. Payne alikuwa mtu mweusi msomi, mkuu wa chuo kikuu cha Wilberforce. Katika kitabu chake cha mwaka 1888 anasimulia namna alivyokuta Wakristo wanazunguka na kupiga makofi, akaagiza mchungaji wao awanyamazishe. Kiongozi mmoja alimjibu kwamba bila duara wenye zambi hawataokoka. Payne hakukubali, kwake ilikuwa ushenzi.

Tusimhukumu upesi. Kijana Payne alifungua shule ya watoto weusi katika mji wa Charleston, na sheria ya South Carolina ikamlazimisha kuifunga. Aliishi kati ya watu waliosema kila siku kwamba mtu mweusi ni sawa na nyama ya porini. Alitaka kuonyesha kwamba wanasema uongo, na silaha yake ilikuwa kitabu na utaratibu. Lakini katika kupigana na dharau ya weupe, alitaka kuondoa pia kitu kilichowashikilia wazee wake katika utumwa.

Wanafunzi wa chuo cha Fisk, katika mji wa Nashville, walipitia taabu hiyo hiyo. Mwaka 1871 chuo chao kilikuwa na madeni makubwa. Korali yao ilianza safari ya kuimba kusudi itafute feza. Mwanzoni waliona haya kuimba nyimbo za kiroho za wazazi wao mbele ya wageni. Zilikuwa nyimbo za utumwa na za siri. Lakini walipoziimba, wasikilizaji walilia. Mwaka 1873 walizipeleka mpaka mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza, na kwa feza walizopata chuo kilijenga jumba kubwa linalosimama hata leo. Kweli, walisimama wima, bila kukanyaga miguu wala kuzunguka. Walipunguza mwili kusudi wimbo ukubaliwe.

7. NJIA YA KURUDI

Mwili ulirudi mwaka 1906. William Seymour, mhubiri mweusi, alizaliwa Louisiana mwaka 1870, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Katika mji wa Houston alitaka kusoma Biblia kwa mwalimu mweupe, Charles Parham. Kwa sababu ya ubaguzi alisikiliza masomo kando, mlango ukiwa wazi. Kisha alifika Los Angeles, na kundi lake likapanga nyumba ya mbao katika njia ya Azusa. Nyumba ile zamani ilikuwa kanisa la Wametodiste weusi, baadaye ikawa stoo na zizi. Pale weusi, weupe na Wamexico waliomba pamoja, wote kwa sauti mara moja, wakishuhudia, wakipiga makofi, wengine wakianguka chini. Magazeti yaliwacheka. Parham mwenyewe alipokuja kuona, alikasirika kwamba weupe wanaomba namna ya weusi.

Hatusemi kwamba kila jambo la Azusa lilitoka Afrika. Wenyewe walisoma Matendo ya Mitume sura ya 2. Lakini Walter Hollenweger, mtaalamu wa Uswisi, alifundisha kwamba shina moja kubwa la Upentekoste ni dini ya watumwa weusi: ushuhuda wa kinywa, kuimba, ndoto, na maombi ya mwili wote.

Sasa tufuate njia. Mchungaji Barratt wa Norwei alikuwa New York mwaka 1906, akasoma habari za Azusa, akarudi kwao na moto ule. Mwaka 1907 Lewi Pethrus alitoka Uswidi kwenda kumwona. Mwaka ule ule Barratt alikwenda Sunderland, Uingereza. Kutoka mwamko wa Uingereza walikuja William Burton na James Salter, waliofika Mwanza katika Katanga mwaka 1915. Waswidi walifika Uvira mwaka 1921, na Wanorwei wakaingia Kivu mwaka 1922.

Wengine walirudi kwa miguu yao wenyewe. Mmarekani mweusi William Sheppard alianza misioni ya Luebo, Kasai, mwaka 1891 pamoja na mwenzake mweupe Samuel Lapsley. Na Althea Brown, mwanamke aliyesoma Fisk, kile chuo cha korali, alifika Kasai mwaka 1902, akaandika sarufi na kamusi ya lugha ya Bakuba.

Ni ajabu! Wamisionere wengi waliwaambia babu zetu waache ngoma inje ya kanisa. Na wamoja kati yao walibeba mikononi, bila kujua, makofi yaliyozaliwa siku ngoma ya Mwafrika ilipokatazwa ng'ambo ya bahari.

MAULIZO YA KUJIBU

Tunawaachia maulizo matatu.

1. Watumwa walisema miguu ikipishana ni dansi, isipopishana ni maombi. Korali yetu ingeweka alama gani?

2. Askofu Payne alikuwa na haki katika nini, na alikosa katika nini?

3. Wakati wa likizo, ulizeni wazee wa kanisa la kwenu: ngoma iliingia kanisani mwaka gani, nani aliileta, na nani alikataa? Andikeni majibu yao vizuri, pamoja na mwaka, mtuletee. Habari za Stono na Azusa wengine wameziandika. Hizi za kwetu bado ziko katika vichwa vya wazee.